Thamani ya Rupia ya Mirathi

Katika baadhi ya nyumba za Musoma, Bunda na Butiama, sanduku la marehemu linapofunguliwa hukutwa chini ya nguo na vyeti sarafu chache za fedha zilizopiga weusi kwa miaka: rupia yenye sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili, kofia ya chuma kichwani na tai juu yake, au shilingi ya simba na milima yenye jina la Mfalme George, au, kwa nadra, reale ya Sham yenye sura ya Malkia Maria Theresa. Papo hapo huzuka swali lisilo la soko peke yake: je, mtoto aulizaye bei ya kitu alichoachiwa na mzazi wake amemvunjia marehemu heshima?

Wako wasemao kwamba kumbukumbu haitiwi katika mizani. Kauli hiyo ina taadhima, nami siidharau. Walakini nikiitazama kwa insafu naona kwamba chini ya kivuli chake dhuluma nyingi hupita. Sharia ya Kiislamu humpa mjane wa mtu aliyeacha watoto thumni ya mali. Atapewaje thumni ya kitu ambacho hapana ajuaye thamani yake? Fedha nayo ina zaka inapofika nisabu ya dirham 200, ambazo wanazuoni wengi wa leo hukadiria kuwa gramu 595. Na kwa kuwa rupia ya Mjerumani ina uzani wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzani huo 917 ni fedha safi, mtu mwenye rupia 56 sandukuni amekwisha kufika nisabu, na mwaka ukizipitia, fungu moja katika arobaini ni haki ya maskini, mwenyewe aziite mali au aziite ukumbusho. Vivyo hivyo katika Injili ya Luka, mwanamke mwenye sarafu kumi za fedha aliyepotelewa na moja asingewasha taa na kufagia nyumba nzima kama hakuijua idadi ya sarafu zake na kadiri ya kila moja.

Thamani yenyewe ni nini? Aristotle alifundisha kwamba sarafu hupata nguvu kwa mapatano ya watu, wala si kwa maumbile, na kwa hiyo watu hao hao waweza kuibatilisha. Rupia ni dalili ya hayo. Haikuja pande za Mara kwa hiari ya wenyeji, ambao utajiri wao ulikuwa ng'ombe. Ilivutwa na kodi ya nyumba, iliyoanzishwa katika koloni la Wajerumani mwaka 1898 kwa rupia 3, hata mtu akalazimika kuuza mnyama au nguvu za mikono yake ili aipate sarafu ambayo angeirudisha kwa yule yule aliyeipiga. Kisha dola ile ikaanguka vitani, Waingereza wakaleta shilingi yao mwaka 1921, na amri ya Kaizari ikafa. Madini hayakufa, wala jasho lililotoka kwa ajili yake halikufutika. Kwa hiyo rupia moja ina thamani ya fedha iliyomo, thamani ya uadimu kwa wakusanyaji, na thamani ya taabu ya babu. Na ile ya tatu, ambayo hapana mnunuzi awezaye kuilipa, haimpi mtu udhuru wa kutoziuliza mbili za kwanza.

Kuziuliza si kazi ngumu. Mara ni nchi ya dhahabu, ya Buhemba na Nyamongo, na mizani ya wanunuzi wa dhahabu hupima kitu kidogo kwa usahihi. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina gramu 7.78, lakini fedha yake ni robo tu, wala asikudanganye mtu kwa wingi wake. Rupia mbili, iliyopigwa mwaka 1893 na 1894 peke yake, ni adimu kuliko rupia moja. Reale ya Sham ina gramu 28 na zaidi kidogo, lakini mwaka 1780 ulioandikwa juu yake si shahidi wa umri wake, kwani Vienna, Roma, London na Bombay ziliendelea kuipiga kwa mwaka ule ule, nyingine hata katika karne ya ishirini. Na asiisugue mtu sarafu kwa jivu wala mchanga: huondoa weusi na sehemu kubwa ya bei.

Mchuuzi aijuaye bei, akamnunulia bibi mjane rupia zake kwa thamani ya chumvi na sabuni, huyo kwangu ni mwizi, ijapokuwa ameondoka kwa kuagwa vizuri.

Sarafu iliyotolewa zawadi nayo, hiba ikikwisha kukabidhiwa, ni mali ya aliyepewa; akiiuza ili mtoto asome, sioni kosa lake, na akiiweka kwa mapenzi, sioni ujinga wake, maadamu amejua anachokiuza au anachokiweka.

Basi, enyi mliofiwa na wazee wenu, zipimeni sarafu hizo mbele ya warithi wote, wanawake wakiwamo, mwandike uzani, mwaka na herufi zilizomo, ndipo mgawe. Na mzee asiyetaka yake iuzwe, na aseme hivyo angali hai, mbele ya mashahidi.