Chungu cha Dengu
(Mwanzo 25:29-34)



Twasoma habari za Esau, aliyerudi kutoka porini hali amechoka, akaona chungu cha ndugu yake kikitokota, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli moja la dengu. Habari hii tumeisikia tangu utoto wetu. Leo twataka kuisoma tukiwa tumeketi ufukoni mwa Lindi, upande wa Likong'o, maana huko nako kuna chungu kinachongojewa na watu wengi.

Jambo lenyewe mwalijua. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi ilivumbuliwa chini ya bahari yetu ya kusini, mbali na pwani. Shauri likawa kujenga Likong'o kiwanda kikubwa cha kuipoza gesi ile hata ifikie baridi ya digrii 162 hivi chini ya sifuri. Hapo hugeuka kuwa kama maji, na vipimo 600 hupungua kuwa kimoja tu, ipate kupakiwa melini na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2020 wenyeji waliokuwa na mashamba mahali pale walilipwa fidia. Mwezi wa Juni 2022 serikali ilitia sahihi mapatano ya mwanzo pamoja na makampuni ya Equinor na Shell. Kisha mazungumzo yakaendelea.

Hatusemi kwamba gesi ni kitu kibaya. Aliyeiweka vilindini ni Mungu. Wala njaa ya Esau haikuwa dhambi. Kosa lake ni hili: aliiacha njaa ya saa moja iweke bei ya kitu ambacho wanawe na wajukuu wake wangalikula. Ndivyo afanyavyo mtu apokeaye fidia ya minazi na mikorosho aliyoipanda babu yake, asinunue shamba jingine, bali aimalize fedha yote kwa nguo na karamu, akisema, "Kiwanda chaja, nitapata kazi." Ndivyo afanyavyo kijana atupaye jembe na wavu kwa ajili ya mshahara ambao haujaandikwa bado. Chungu ki motoni, lakini hakijaiva; na angojeaye chungu cha mwenziwe huenda akalala na njaa.

Na Yakobo je? Mara nyingi twamhubiri Esau tukamsahau ndugu yake. Yakobo alikuwa na chakula, akamwona ndugu yake wa tumbo moja amezimia kwa njaa, naye badala ya kumpakulia akamwekea bei. Siku ile alipata faida. Lakini baadaye aliikimbia nyumba ya baba yake, na huko ugenini Labani akambadilishia mshahara mara nyingi. Haya na wayasikie wote walioshika upawa: waandikao mapatano, wapimao mashamba, wahesabuo fidia. Asiyejua kusoma akiwekewa karatasi atie dole gumba, yule ndiye Esau mwenye njaa. Tukumbuke Mtwara mwaka 2013: watu walipoona gesi itapelekwa Dar es Salaam kwa bomba, nao hawaioni sehemu yao, hasira iliwaka hata wengine wakafa.

Basi, walimu na wazee wa sharika, yatupasa nini? Mtu akiletewa karatasi, tumsomee neno kwa neno kabla hajatia dole. Akipokea fedha, tuketi naye pamoja na mkewe, tushauriane habari za shamba jingine, na mbegu, na masomo ya watoto. Wala tusiulize kama ni mtu wa usharika au ni jirani Mwislamu. Shamba lake ni urithi wa wanawe vilevile.

Bwana atujalie kuwa ndugu wapakulianao, wala si ndugu wawekeanao bei wakati wa njaa. Amina.