Yadi 101

Ndugu msomaji, kuna swali limenikaa kooni tangu Januari 2025, nami nimeona nilitoe humu jaridani maana kwenye maongezi halikuisha. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki kumpima aliye hai kwa kipimo cha aliyetangulia? Na kama ni haki, tumpime kwa kitu gani hasa?

Usicheke nikikwambia kwamba swali hili sikulipata msikitini wala darasani. Nililipata kwenye mpira. Tena si huu wetu wa miguu, bali ule wa Kimarekani, wa yai, ambao watu huvaa kofia ngumu na kugongana kama mabeberu. Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye ghala moja huku Pennsylvania, kazi ya kupakia maboksi. Asiyejua mpira wa yai huku hana la kusema saa ya mapumziko. Basi nikajifunza.

Kwa wasioujua, niseme kidogo. Mchezaji ninayemzungumzia ni mkimbiaji. Anapewa mpira mkononi. Mbele yake majitu matano ya timu yake yanasukumana na wapinzani ili kumfungulia kijia, naye apenye humo akimbie mpaka aangushwe. Umbali aliokwenda unahesabiwa kwa yadi, na yadi moja ni pungufu kidogo ya mita. Yadi hizo zinaandikwa zote, za kila mechi na za kila msimu, tangu enzi za babu zao. Ndiyo maana ubishi wa nani mkubwa hauishi. Kila mtu ana namba mfukoni.

Mkimbiaji wangu mimi ni Saquon Barkley. Mwaka 2018 alichukuliwa na timu ya Giants ya New York, akachaguliwa wa pili katika vijana wote wa mwaka ule. Septemba 2020 akakatika goti katika uwanja wa Soldier Field, Chicago. Wengi wakasema basi, huyo amekwisha. Mwaka 2024 akahamia Eagles ya Philadelphia, na msimu huohuo akakimbia yadi 2,005. Novemba ya mwaka ule aliruka juu ya mpinzani kinyumenyume, mgongo ukitangulia, akatua kwa miguu na kuendelea. Ghalani tuliitazama picha ile kwenye simu mpaka msimamizi akaja kutufukuza.

Sasa pale kazini kuna mzee mmoja, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Chicago. Nywele nyeupe pe, lakini boksi la kilo 30 analibeba kama mto wa kulalia. Kwake yeye duniani alipita mkimbiaji mmoja tu, Walter Payton wa Chicago Bears, aliyecheza tangu 1975 mpaka 1987. Kila nikimtaja Barkley, mzee ananitazama kwa huruma.

"Kijana," ananiambia, "Payton alicheza misimu 13. Unajua alikosa mechi ngapi? Moja. Moja tu!"

Kauli hiyo ilinichoma kuliko mzee alivyojua. Sababu yake nitaisema mbele.

Kwanza tuziangalie namba, maana ndiko vijana tunakokimbilia. Rekodi ya yadi nyingi katika msimu mmoja ni 2,105, nayo ni ya Eric Dickerson, aliyeiweka mwaka 1984 kwa mechi 16. Kabla yake O. J. Simpson alikuwa amepata 2,003 mwaka 1973, lakini kwa mechi 14 tu. Kabla yao wote Jim Brown alipata 1,863 mwaka 1963, naye kwa mechi 14. Tangu mwaka 2021 msimu una mechi 17. Ukigawa, Simpson anatoka na yadi 143 kwa mechi, Brown 133, Dickerson 132, na Barkley wangu 125. Loo! Kumbe aliyeko juu ya orodha siye aliyeko juu ya mgawanyo.

Na hapo hatujafika popote. Brown alicheza zama ambazo mabeki waliruhusiwa mambo ambayo leo ungetolewa nje. Ndiyo, lakini mabeki wa leo ni wazito na wenye mbio kuliko wale. Payton kwa miaka mingi alikimbilia timu dhaifu. Barkley wa 2024 alikuwa nyuma ya majitu matano hodari sana. Sasa yadi ya Payton na yadi ya Barkley ni yadi moja? Kwa futi ni moja. Kwa jasho, nani anajua? Tunachukua kibaba cha sokoni na kupimia hewa.

Basi mimi, kwa ujana wangu, nikadhani nimepata mizani nyingine iliyo bora. Tarehe 5 Januari 2025 ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, na Eagles walikuwa wakicheza na Giants, timu ile ile iliyomwachia Barkley aondoke. Alihitaji yadi 101 tu ampite Dickerson na kuandikwa juu ya wote. Dickerson mwenyewe alikuwa ameshasema wazi kwamba hapendi rekodi yake ivunjwe. Ila nafasi ya Eagles kwenye mtoano ilikuwa imeshapatikana, na kocha hakutaka aumie bure. Akampumzisha. Barkley akakaa benchi mechi nzima, na rekodi ikabaki kwa mwenyewe. Tarehe 9 Februari, siku aliyotimiza miaka 28, Eagles wakatwaa Super Bowl kwa kuwafunga Kansas City 40 kwa 22. Siku hiyo yeye alipata yadi 57 tu.

Nikaja ghalani kifua mbele. Nikamwambia mzee, "Ukubwa haupimwi kwa yadi. Unapimwa kwa yadi ulizoziacha!"

Nilikuwa na ushahidi. Mwaka 1989 Barry Sanders wa Detroit, katika msimu wake wa kwanza, alimaliza yadi 10 tu nyuma ya kinara wa ligi. Angeweza kurudi uwanjani dakika za mwisho akazipata, akakataa, kwani mechi walikuwa wameshaimudu. Na kinara aliyebaki na heshima ile alikuwa Christian Okoye, Mnigeria aliyekwenda Marekani kwa ajili ya riadha. Mwaka 1999, akiwa amebakiza yadi 1,457 tu kumpita Payton kwa jumla ya maisha, yaani kazi ya msimu mmoja kwa mtu kama yeye, Sanders akatuma barua kwa faksi kwenye gazeti la mji wao wa Wichita: nimestaafu. Jim Brown naye aliacha mwaka 1966 akiwa na miaka 30, akiwa bado namba moja, akaenda zake kwenye sinema. Nikasema, mnaona? Wakubwa wanajua kuacha.

Mzee alimaliza sandwichi yake taratibu. Halafu akaniuliza swali dogo tu.

"Barkley aliacha, au aliambiwa aache?"

Nikababaika. Ni kweli, uamuzi ulikuwa wa kocha. Yeye alikubali bila kununa, na kukubali bila kununa si jambo dogo, lakini si sawa na kuacha.

"Na unajua Super Bowl ya mwaka 1986?" akaendelea. Nilikuwa naijua kwa kusikia. Januari ile Chicago waliwachapa New England 46 kwa 10. Payton alikuwa ameitumikia timu ile miaka 11, mingine ya taabu tupu. Timu ilipofika karibu na mstari, mpira wakapewa wengine, akapewa hata jitu moja lililokuwa likiitwa Friji, likaingia nao. Payton hakuingiza hata mara moja. Kocha wake Mike Ditka alikuja kusema hadharani kwamba anajutia jambo lile.

"Iliniuma mimi, sembuse mwenyewe," mzee akasema. "Aliitaka ile. Aliitaka sana. Sasa kwa mizani yako hiyo, kwa kuwa aliitaka, amekuwa mdogo? Kijana, usiwafanye watu malaika ili ushinde ubishi."

Nilinyamaza. Maboksi yakaja, tukainuka.

Sasa nije kwenye ile sababu ya kuchomwa. Mimi nina kaka, au nilikuwa naye. Ndiye aliyetangulia huku Marekani, ndiye aliyenivuta. Alifariki mwaka 2019. Kwa miaka 11 alimtumia mama fedha kila mwezi, na nyumba yetu Tanga ilipanda kutoka msingi mpaka lenta kwa mkono wake. Mimi nimepiga paa. Lakini kuna miezi nakosa. Pango limepanda, saa za kazi zimepungua, ndivyo maisha yalivyo. Na kila nikikosa, mama husema kwenye simu, kwa upole kabisa, "Haya mwanangu. Ila marehemu kaka yako hakuwahi kuruka mwezi."

Hakuwahi kuruka mwezi. Payton, mechi moja katika misimu 13. Unaona sasa, ndugu msomaji, kwa nini yule mzee alikuwa ananitwanga bila kujua.

Lipo jambo mama halijui. Kaka alipofariki, mimi ndiye niliyesafisha chumba chake. Chini ya kitanda palikuwa na barua za benki, rundo. Kumbe miezi mingi ile alikuwa akituma fedha za mkopo. Alikuwa akikopa huku ili asiruke kule. Kwa sentensi moja tu kwenye simu ningeweza kuushinda ule mchezo. "Mama, fedha zile hazikuwa zake." Basi, rekodi ingefutwa pale pale. Maneno hayo yamewahi kufika kwenye ulimi wangu mara mbili, na mara ya pili nilikata simu nikasingizia mtandao.

Mara nyingi nimejisifu moyoni kwa kunyamaza huko. Nimejiona ni Sanders. Baada ya lile swali la mzee nikajiuliza: mimi naacha, au naogopa? Na kaka je, kwa kuwa alikopa, ndiyo hakutuma? Mama alikula. Lenta ipo pale, mvua ya masika inaipiga haianguki. Yadi ya mkopo ni yadi. Kilichobadilika ni kwamba sasa najua alikimbia na nini mgongoni, na nikijua hivyo nampenda zaidi, wala simwoni mdogo.

Hapo ndipo nilipofika, nanyi mnaweza kunipinga. Nadhani kupima si dhambi. Binadamu atapima tu, ndiyo akili yake. Dhambi ni kuficha mizani. Ukisema Payton ni zaidi ya Barkley, taja pia mechi, taja majitu matano, taja sheria za zama zile. Ukisema Barkley ni zaidi, taja mechi ya 17, taja goti lililokatika. Ukitaja vyote hivyo, utaona ubishi hauishi lakini unabadilika: unaacha kuwa vita ya nani atupwe, unakuwa namna ya kuwakumbuka wote wawili. Lakini ukichukua namba tupu, utafanya moja kati ya mambo mawili mabaya: utamtumia marehemu kama fimbo ya kumchapia aliye hai, au utamtumia aliye hai kama kifutio cha kumfutia marehemu. Walter Payton alifariki Novemba 1999. Hawezi kuja kujitetea. Barkley naye hawezi kwenda kucheza mwaka 1977. Sisi tunaopima ndio tunaoweza kuwa waadilifu, wao hawawezi kutusaidia.

Nasi wa kalamu tumo humu humu. Kijana akileta shairi lake, anaulizwa Shaaban Robert angesemaje. Naye kijana, kwa hasira, anajibu kwamba mambo ya wazee yamepitwa na wakati. Fimbo na kifutio, hao wawili wamekutana. Ningependa siku moja mtu asome mistari yangu, hata ikiwa mibovu, akiuliza kwanza: huyu alikuwa amebeba nini?

Wiki iliyopita mama alipiga. Ulikuwa mwezi wa kuruka. Akaanza, "Marehemu kaka yako..." Nikamkatiza, jambo nisilolifanya kamwe. Nikamwambia, "Mama, kaka alifanya kazi ngumu sana huku. Ngumu kuliko tulivyojua. Siku nikija nitakusimulia." Kimya kikapita kirefu, nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Na wewe je, mwanangu? Yako ikoje?"

Hajawahi kuniuliza hivyo. Nilimweleza karibu saa nzima, habari za maboksi, za baridi, hata za mzee wa Chicago. Hakumtaja kaka tena mpaka tulipoagana.

Ile habari ya barua bado sijamwambia. Jarida hili hasomi. Nitamwambia uso kwa uso, chini ya lile paa, na kama atalia tutalia wote.