Ulevi na Usomaji wa Nyuso

Kusoma hakukuanza na herufi. Kabla mtoto hajajua alifu, huujua uso wa mama yake. Hutambua tabasamu, hofu na ghadhabu, na kwa maarifa hayo huanza kuishi na watu. Elimu hii haina shule wala cheti, lakini sehemu kubwa ya adili imejengwa juu yake. Huruma haimfikii mwenye huzuni ikiwa huzuni yake haikuonekana, wala toba haianzi ikiwa maumivu ya aliyekosewa hayakutambuliwa. Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Je, mtu ambaye uraibu wa pombe umemtundikia pazia machoni alaumiwe kwa yale asiyoyaona?

Swali hili lafaa kuulizwa Nyamongo, mkoani Mara. Si kwa kuwa watu wa huko ni walevi kuliko wengine, bali kwa kuwa huko macho ni chombo cha kazi. Wachimbaji wadogo walitafuta dhahabu katika nchi hiyo kabla mgodi mkubwa wa North Mara haujaanza uzalishaji mwaka 2002, na katika vijiji kama Nyangoto, Kewanja na Kerende kulijua jiwe ni elimu yenye heshima yake. Mchimbaji hodari hatosheki na mng'ao, maana yako mawe mengi yang'aayo yasiyo na dhahabu. Huliponda jiwe, hulisaga, huuosha unga wake kwa maji, hutia zebaki, kisha huweka motoni. Jicho lake hutoa dai. Moto hutoa hukumu.

Mfikirie mtu wa namna hiyo jioni, akiwa ameizoea pombe kwa miaka mingi hata mwili wake hauwezi tena kuipitisha siku bila kinywaji. Aingia nyumbani amechelewa. Mkewe amtazama kwa uchovu na wasiwasi, kwa sababu mtoto ana homa na fedha ya dawa haipo. Mume hauoni wasiwasi, aona dharau. Aijibu dharau hiyo kwa makelele, mke aingiwa na hofu, na hofu nayo yasomwa kuwa kiburi. Huo ni ugomvi ambao asili yake haimo katika neno lolote lililosemwa. Mchana mtu huyu hakuliamini jiwe kwa mng'ao wake. Usiku ameuamini uso kwa kuutupia jicho mara moja.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini kosa lililomo limechunguzwa. Mwaka 1999 Pierre Philippot, Charles Kornreich na wenzao huko Ubelgiji walitangaza matokeo ya kuwaonyesha picha za nyuso waraibu wa pombe waliokuwa katika matibabu, na watu wengine wasio na uraibu. Waraibu waliziona hisia kuwa kali kuliko zilivyokuwa pichani, na wakakosea zaidi katika kuzitambua. Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote: walipoulizwa, hawakusema kuwa kazi hiyo iliwawia vigumu kuliko ilivyowawia wengine. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa baadhi ya dosari hubaki hata kwa watu walioiacha pombe kwa miezi miwili au zaidi. Basi haya si mambo ya kileo cha usiku mmoja, ambacho asubuhi hukiondoa. Yamkini pia kwa baadhi ya watu udhaifu huo ulitangulia pombe, nao ukawasukuma kuitafuta. Sababu na tokeo huweza kufukuzana katika duara.

Kipofu ajua kuwa haoni, naye hunyosha fimbo mbele yake. Mraibu huyu hana fimbo, kwa sababu hajui kuwa anaihitaji. Nyuso za jamaa zake ndizo zingekuwa mashahidi wa kumwambia kuwa ameumiza, lakini mashahidi hao wamegeuka machoni pake kuwa washitaki. Kadiri wanavyohuzunika ndivyo anavyodhani wanamchukia, na kadiri anavyodhani hivyo ndivyo anavyokimbilia chupa.

Wako wasemao kuwa hana udhuru. Aristotle alitaja sheria ya Pittacus wa Mytilene, iliyompa mlevi mkosaji adhabu kubwa kuliko ya mkosaji mwenye akili timamu. Na alimfananisha mtu aliyejiharibu tabia na mtu aliyerusha jiwe: hawezi kulirudisha, ila kulirusha kulikuwa katika uwezo wake. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nayo, katika kifungu cha 14, haikubali ulevi kuwa utetezi isipokuwa kwa masharti machache. Hoja hizi zina nguvu katika hukumu ya matendo. Aliyepiga amepiga, na aliyepigwa hapungukiwi na maumivu kwa kuelezwa habari za ubongo. Lakini mtu harushi uraibu kwa siku moja kama jiwe. Huuokota kidogo kidogo, mara nyingi mbele ya watu wanaomcheka na kumjazia.

Kwa hiyo haki yataka lawama igawanywe. Mraibu asilaumiwe kwa kutoona. Alaumiwe kwa kuwa na yakini. Macho yakiharibika, ulimi ungalipo. Kabla ya kujibu dharau anayoidhani, aweza kuuliza: "Mama watoto, kuna nini?" Swali hilo ni dogo, lakini ndilo moto wa mwenye dhahabu: hulitenga dai na hukumu. Aliyeambiwa hata mara moja kuwa macho yake yanamdanganya, asiulize, huyo hana tena udhuru wa kutojua.

Sehemu ya pili ni ya jirani. Pombe ya nafaka ilipokuwa ya chungu cha wazee, mnywaji alikuwa na mwenzi wa kumwambia, "Ndugu yangu, yatosha." Chungu hicho hakikuwa kinga kamili, wala hakikosi walioharibika kwacho. Lakini viroba, vilivyopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Machi 2017, vilimwezesha mtu kunywa peke yake mfukoni mwake, na marufuku haikurudisha sauti ya mwenzi. Wengi humkunjia mraibu uso, humnong'ona, humpisha njia, wakidhani wamemwonya. Wamemwandikia barua kwa herufi asizozijua. Yapasa aambiwe kwa maneno, akiwa hajalewa, na mtu anayemheshimu. Mzigo huo asitwishwe mke anayeogopa kipigo, ambaye haki yake ya kwanza ni usalama. Na akiacha pombe, jamaa wasiudhani ubaridi wake kuwa ni kiburi, maana macho hupona polepole kuliko mkono uliokiweka kikombe chini.

Kutoona uso wa mwenzi ni msiba. Kukataa kumwuliza ni kosa. Mchimbaji wa Nyamongo asiyetaka jiwe lake lipimwe hucheka walio karibu naye, kwa kuwa wajua atapata hasara. Atakayepata hasara kwa uso usiopimwa si yeye peke yake. Yumo na mtoto mwenye homa, aliyelala chumba cha pili, akisikiliza.