Mtandikie Samaki, Usijitandikie

Ndugu yangu unayeandaa tangi lako la kwanza la samaki wa maji baridi, rudisha rafuni hicho kifuko cha kokoto za waridi. Nakusihi! Hujaamua bado ni samaki gani atakayeishi mle, na tayari umeshamchagulia sakafu. Hivi atakayelala juu yake ni wewe au yeye?

Mhubiri mwingine angekukumbusha yule mpumbavu aliyejenga nyumba juu ya mchanga. Mimi leo nahubiri mchanga. Mtazame Corydoras, samaki mdogo wa mito ya Amerika Kusini mwenye sharubu mdomoni. Kutwa nzima kazi yake ni kuzamisha uso mchangani, anakaribia kufunika macho, anachuja chakula, na mchanga unamtoka kwenye matamvua. Sasa mweke juu ya kokoto zenye makali. Chakula kinadondoka katikati ya mawe asikoweza kukifikia, kinaoza hukohuko, naye anaendelea kupapasa juu ya uozo ule hadi sharubu zinavimba na kulika. Ukishamzika utasema duka lile linauza samaki wabovu. Si wabovu! Ulimnyima sakafu yake.

Mchanga basi, laini, wa punje zisizo na ncha. Lakini mchanga upi? Hapa ndipo sisi wa pwani tunapoangamia, maana mchanga uko mlangoni na ni wa bure. Ule mweupe wa ufukweni umejaa matumbawe na makombe yaliyosagika. Chumvi utaiosha, chokaa huioshi. Ukiuweka kwa neoni tetra, aliyezoea maji laini yenye asidi ya misitu ya Amazon, chokaa ile itayeyuka kidogo kidogo, maji yatakuwa magumu na pH itapanda. Siku ya kwanza ukipima hutaona kitu.

Na chokaa hiyohiyo ni neema kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo pH ya maji yake inakaribia 9! Yuko huko Neolamprologus multifasciatus, hafiki hata sentimita 5, anayeishi ndani ya gamba tupu la konokono. Huchota mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni, tena na tena, mpaka gamba lake limekaa anavyotaka. Samaki huyu ni wa ziwani kwetu, na wapo Wazungu wanaomjua kuliko sisi. Basi asikudanganye mtu kwamba uko mchanga mmoja unaowafaa wote. Taja samaki kwanza.

Una shaka na mchanga ulionao? Weka konzi moja, mkavu, kwenye kikombe, umiminie siki ya jikoni. Ukitoa vipovu, una chokaa.

Kisha osha. Osha kwenye ndoo bila sabuni, koroga kwa mkono, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe, hata mgongo ukiuma. Tangi la sentimita 60 kwa 30 litataka kilo 13 au 14 ili upate kina cha sentimita 5, na hicho kinawatosha wengi, hata mimea ya kawaida ikashika mizizi. Unapojaza maji, lalisha sahani juu ya mchanga umiminie hapo, usije ukachimba shimo.

Lakini dhambi inayoniliza ni ile ya baadaye. Tangi limetulia, na bakteria wamejijenga kwenye filta na kwenye kila punje ya mchanga. Hao ndio wanaogeuza amonia ya kinyesi, ambayo ni sumu, kuwa nitriti na hatimaye nitrati isiyo na makali hayo. Imewachukua majuma kadhaa kufika hapo. Halafu Jumamosi moja unashikwa na usafi, unazoa mchanga wote na kuusugua bombani kwa maji yenye klorini! Acha, ndugu yangu. Nyonya uchafu wa juu kwa mpira, badilisha robo ya maji, mchanga uuache ulipo.