TAZIYA INA SIKU TATU, JERAHA JE?

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu: tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa kwa risasi katika chuo cha Garissa, wengi wao wanafunzi Wakristo, na wauaji wakitaja jina la Uislamu. Yaulizwa: Mwislamu aliye mbali, Singida, ana deni gani kwa majeruhi?

Imam Nawawi katika Minhaj amehesabu kuondoa dhara za Waislamu katika faradhi za kifaya. Faradhi hiyo huanza kwa aliye karibu. Asipotosha, humfikia aliye mbali. Atasema mtu, “Hao si Waislamu.” Kweli, zaka hawapewi katika madhehebu ya Shafi, lakini sadaka wapewa. Salah Farah, mwalimu Mwislamu wa Mandera, hakuuliza hayo basi lilipovamiwa Desemba 2015. Alikataa Wakristo watengwe, akapigwa risasi. Alilala na jeraha karibu mwezi mzima, akafa Nairobi Januari 2016.

Taziya ni siku tatu, na jamaa wa maiti hupelekewa chakula, kama Mtume (s.a.w.) alivyoamrisha kwa jamaa wa Jaafar aliyeuawa Muta. Hayo watu wa pwani huyajua sana. Sufuria hutelekwa siku ile ile. Lakini aliyevunjwa mfupa kwa risasi, mwezi wa sita bado ataka dawa, nauli ya hospitali, karo ya mwanawe, na mtu wa kuketi naye usiku ashtukapo kwa mlio wa mlango. Wakati huo waliopika siku ya maziko wamekwisha kurudi madukani mwao.