Ile 5 Ina Kwao

Mwanangu, ile 5, idadi ya watu wa kujaribishia programu, unayoitaja kila kikundi chetu cha kusoma kinapokutana ina kwao. Ilitoka kwenye hesabu za Jakob Nielsen na Thomas Landauer, mwaka 1993. Walikusanya miradi kadhaa ya kupima urahisi wa kutumia programu. Wakaona kwamba, kwa wastani, mtu mmoja anayejaribishwa hufichua asilimia 31 ya kasoro. Ukimwongeza wa pili na wa tatu, wengi wanajikwaa pale pale alipojikwaa mwenzao. Ukifika wa 5 umeshapata kama asilimia 85. Basi watu wakaondoka na 5, ile 31 wakaiacha mezani.

Hebu chukua karatasi upige hesabu mwenyewe. Tuseme kasoro zako ni za kujificha, kila mtu anaona asilimia 10 tu. Watu 5 watakupa asilimia 41. Zaidi ya nusu imebaki ndani, nawe ripoti umeshapeleka. Jared Spool na Will Schroeder walipima tovuti za kuuza bidhaa, wakaandika mwaka 2001 kwamba watu 5 wa kwanza walifichua asilimia 35 tu.

Sisi wakubwa zako tuliiimba hiyo 5 kwa sababu wenye fedha waliielewa upesi. Watu wachache, soda na nauli, kazi imekwisha. Silaumu sana, bila hiyo wengi wasingepima kabisa.

Ila kuna jambo lililonisumbua zaidi. Rolf Molich wa Denmark alishirikisha timu 9, zote zikapima huduma ile ile ya barua pepe, Hotmail. Kwa jumla zilileta kasoro 310. Robo tatu ya hizo zilitajwa na timu moja moja tu. Niliposoma hayo niliweka makala pembeni, nikatoka nje kupunga upepo. Kumbe anayepima naye ni sehemu ya kipimo. Ndiyo maana nakusihi usome sehemu ya mbinu kabla ya muhtasari: nani alijaribishwa, alipewa kazi gani, nani alikaa pembeni akiandika.

Huyo wa pembeni ana mtihani wake. Nakumbuka mama mmoja tuliyempa programu ya kulipia karo. Akaandika kiasi, akatulia. Akangoja. Kijana aliyekuwa naye alishanyoosha kidole amwonyeshe, nikamshika mkono. Kibodi ya simu ilikuwa imekifunika kitufe cha kulipa, na mama alidhani simu bado inashughulika. Kidole kile kingefika, tungeandika kwamba amelipa bila shida. Kunyamaza wakati mtu mzima anahangaika mbele yako kunauma, hasa kwa mtoto aliyefunzwa kusaidia wakubwa. Vumilia. Msaidie baadaye, na umshukuru.

Wiki ijayo tunasoma makala ya Saul Greenberg na Bill Buxton ya mwaka 2008. Wanasema upimaji ukiwahi mno, au ukitumika mahali si pake, unaweza kuliua wazo changa. Najua utataka kubisha, na ubishe. Lakini uzito wa makala hiyo hauko kwenye asilimia za kudaka na kukimbia nazo. Ni hoja juu ya hoja, itakubidi uifuate aya kwa aya. Anza leo, usingoje asubuhi ya kikao.