Nyama ya Walioshindwa

Agosti 22, 2025, nikiwa nyumbani Wote, Makueni, Harambee Stars walitolewa CHAN na Madagaska kwa penalti, tena pale Kasarani. Mbuzi alikuwa jikoni akitokota. Nikamwambia mama aepue sufuria, nyama tutakula siku tukishinda. Akaendelea kukoroga mchuzi. “Na wewe ulipoacha chuo, si nilikupikia?”

Nikanyamaza. Mbuzi wawili walikuwa wameuzwa kwa karo yangu, na bado jioni ile alipika nyama.

Sisi mashabiki tunadhani karamu ni haki ya mshindi. Lakini mshindi tayari ana kombe. Upendo ukingoja matokeo kwanza, hiyo si ni kamari tu? Nikaosha mikono, nikasonga ugali.